Gari Limesimama, Mwili Bado Uko Njiani

Hotuba kwa madereva wa masafa marefu na familia zao, Makambako

Kamwene!

(Kamwene!)

Hapo sawa. Shikamooni wazee wangu mliotutangulia barabarani. Vijana, poleni na safari. Mama zangu mnaotulisha wali maharage saa nane za usiku bila kununa, asanteni. Shemeji zangu mliokuja na watoto, karibuni, maana leo mtasikia siri za waume zenu.

Mwenyekiti aliponiita alidhani nitazungumzia matairi. Nimeendesha malori miaka 26, nikaacha usukani macho yalipoanza kunichezea usiku, na sasa nafundisha vijana udereva. Matairi mnayajua. Mimi nataka kusema jambo ambalo kila aliyeketi hapa limempata na hakuna anayelisema, kwa sababu ukilisema wataulizana umekunywa nini.

Nianze na kitanda changu.

Nilikuwa natoka Lubumbashi na shaba. Mnaijua njia: Kasumbalesa na foleni yake, Ndola, Kapiri Mposhi, Serenje, Mpika, Nakonde, ndipo unavuka Tunduma na kusikia Kiswahili cha nyumbani. Nikaliacha gari yadi hapahapa Makambako, nikaenda kulala nyumbani usiku mmoja kabla ya kuendelea na Dar. Nikaoga, nikala, nikazima taa. Sijakaa dakika mbili, kitanda kikaanza safari. Kwanza mtetemo kwenye nyayo, kama ule wa sakafu ya kabini injini ikiwa inaunguruma chini. Halafu godoro likainama mbele taratibu, likarudi, likainama tena. Halafu, wallahi, tukaanza kushuka mlima. Mguu wangu wa kulia ukatafuta breki. Ukaipata. Breki yenyewe ilikuwa muundi wa mke wangu.

(Kicheko)

Akaamka, akawasha taa. "Baba Neema, unashuka mlima gani saa hizi?" Nikamjibu nikiwa macho makavu: "Sijui, lakini tunashuka." Akasema, "Kitonga ni kesho. Lala."

Taa ilipowaka, kitanda kilisimama. Hilo naomba mlishike, nitalirudia.

Sasa inueni mikono, na msiogopeshane. Nani amewahi kushuka garini, akasimama kwenye sinki ananawa uso, sakafu ikampa kama kijisukumo? Naona mikono. Utingo je, mnaolala kwenye kitanda cha nyuma ya kabini siku nne mfululizo? Nyote. Na mama yule pale anayefuata mzigo Kariakoo kwa basi la usiku, naye mkono uko juu. Ndugu zangu wa Pemba na Unguja hawashangai hata kidogo. Mtu anashuka botini baada ya kupigwa na mkondo wa Nungwi, anafika nyumbani anakaa mkekani, na mkeka unaogelea. Kwao watu wanajua kwamba bahari hulevya hata ukiwa umeshashuka. Sisi wa barabarani tunaona aibu kukiri kwamba na lami hulevya.

Binti yangu ni tabibu. Nilipomsimulia habari ya muundi wa mama yake alicheka mpaka machozi, kisha akanichorea sikio nyuma ya bahasha. Nitawaeleza nilivyoelewa mimi, dereva.

Ndani kabisa ya sikio, kupita pale pa kusikilizia, kuna vijifereji vitatu vilivyopinda nusu duara, na ndani yake mna majimaji. Wekeni kikombe cha chai kwenye dashibodi. Ukiondoa gari, chai inabaki nyuma, inapanda ukingo wa kikombe upande wako. Ukishika mwendo mmoja, inatulia, ingawa mnakwenda 80. Ukifunga breki, inakimbilia mbele. Vijifereji vile hufanya kazi hiyo kichwa kinapogeuka au kuzunguka. Kando yake kuna vijifuko viwili vyenye vijiwe vidogo mno vya chokaa, aina ileile ya chokaa iliyo kwenye ganda la yai, vimekaa juu ya utando laini kama uji uliopoa. Gari likiruka tuta, vijiwe vinavuta utando, na ubongo unaambiwa: tumepanda, tumeshuka, tumeegemea kushoto.

Sasa ubongo si mjinga. Siku ya kwanza safarini unapokea taarifa zote hizo na unahangaika. Siku ya pili unaanza kuzoea. Siku ya tatu umeshajifunza tabia ya gari lako, unajua linavyoyumba, na unajibu kabla hujarushwa: shingo inakaza yenyewe, kiuno kinalegea chenyewe, na mtikisiko unaufuta usikusumbue. Ni kama utingo aliyekomaa. Humwelekezi. Ukiweka gia ya nyuma tu, yuko chini anapiga bodi: "Rudi, rudi, kata kulia, rudi!"

Shida ni kwamba gari likishaegeshwa, utingo huyu hajaambiwa. Injini imezimwa, dereva ameshaondoka na funguo, yeye bado anapiga bodi: rudi, rudi. Ubongo unaendelea kufuta mtikisiko ambao haupo tena, na kile unachokisikia kitandani ni ule ufutaji wenyewe. Ndivyo wataalamu wengi wanavyolieleza.

Na kwa nini kitandani, taa ikizimwa? Kwa sababu ukiwa umesimama mchana, macho yanasema ukuta umetulia, nyayo zinasema sakafu imetulia, utingo anashindwa kwa kura. Ukilala gizani umewaondoa mashahidi wote wawili. Ndiyo maana mke wangu alipowasha taa mlima ukaisha.

Msidhani haya ni mambo ya Scania na Howo. Erasmus Darwin, daktari wa Uingereza, babu yake yule Charles Darwin wa nyani, aliandika miaka ya 1790 kwamba waliokaa sana chomboni wakirudi nchi kavu huona chumba na samani vikiyumba kama chombo, na kwamba yeye mwenyewe yalimpata. Akaongeza kwamba hali hiyo, kwa kiasi kidogo zaidi, huwapata na waliosafiri siku kadhaa kwa gari la farasi, hasa wakijilaza ili walale: mlio wa magurudumu na myumbo wake huwafuata mpaka kitandani. Magurudumu ya mbao, barabara ya udongo, zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Nilipolisoma hilo nilitamani nimnunulie chai.

Macho nayo yana yake. Ukitazama lami ikikujia kwa muda wa saa tatu, ukisimama ghafla barabara inaonekana kama inakukimbia, inarudi mbele kule ilikotoka. Macho yamechoka na kujiwa, yanakupa kinyume chake. Hudumu sekunde chache tu, lakini sekunde hizo zina hatari zake. Mara moja nilikuwa kwenye foleni ya mizani, handibreki nimeiweka, nimetulia. Ghafla naona narudi nyuma. Nikakanyaga breki kwa miguu miwili, nikapiga honi, utingo akaruka chini kuangalia nani anakufa kule nyuma. Hakuna aliyesogea isipokuwa lori la pembeni yangu, lililokuwa limeondoka mbele polepole. Gari la jirani likijaza kioo chako na likasogea, ubongo huamua wewe ndiye uliyesogea. Changanya na lami iliyokuwa inakukimbia, utaapa.

(Kicheko)

Haya, tumecheka vya kutosha. Kilichonileta hapa ni hiki kinachofuata.

Mwendo nao unabaki mwilini. Si kitandani tu; unabaki mguuni na machoni wakati gari bado linatembea. Ukikaa kwenye 80 kwa saa mbili, ile 80 mwili unaiona kuwa ndio kutulia. Kumbukeni chai kwenye kikombe. Sikio halina habari na mwendo usiobadilika, na macho yameshauzoea. Sasa unaingia mji, kibao kinasema 50, unapunguza. Unapunguza kwa hisia, kwa sababu wewe ni mzoefu, huhitaji kuangalia mshale wa mwendo. Kila kitu kinakuambia unatambaa. Nyumba zinapita pole pole, watu wanaonekana wamesimama, unajihisi kama unasukuma toroli.

Nawaambia lililonipata. Nimetoka Igawa, ile tambarare, barabara imenyooka, mzigo umetulia. Naingia mji mmoja, sitautaja, una shule upande wa kushoto na soko kulia. Nimepunguza. Nimeridhika na nafsi yangu. Mbele kuna zebra, watoto wanavuka wakiwa na sare, na mimi nikaanza kufunga breki pale ambapo dereva wa 50 hufungia. Gari halikusimama pale lilipotakiwa. Lilisimama kichwa kikiwa kimemeza nusu ya zebra. Watoto walikuwa wameshakimbia, Mungu ni mwema, hakuna aliyeguswa. Kwenye mstari mweupe, karibu na bampa langu, ilibaki kandambili moja ya bluu, ya mtoto, ile yenye ukanda uliotengenezwa upya kwa waya. Binti mdogo akarudi taratibu, akaitazama, akanitazama mimi juu kule kwenye kioo. Akaichukua, akavaa, akaondoka.

Mita 100 mbele, afande alikuwa na tochi ya kupimia mwendo. Akaniambia nilikuwa 68. Nikambishia. Wazee, nilimbishia kwa dhati ya moyo wangu! Nilimwambia tochi yake mbovu, kwamba mimi nilikuwa chini ya 50, na sikuwa namdanganya. Ningepimwa kwa mashine ya kujua uongo ningefaulu. Nililipa elfu thelathini zangu nikiamini nimeonewa, na ilinichukua miaka kukubali kwamba tochi ilikuwa sahihi na mwili wangu ndio ulikuwa mbovu.

Na msiseme 68 na 50 ni tofauti ya 18 tu. Mwendo umezidi kwa zaidi kidogo ya theluthi moja, lakini nguvu ambayo breki zinapaswa kuimeza hupanda kwa mwendo kujizidisha wenyewe: 68 mara 68, gawanya kwa 50 mara 50. Vijana wenye simu, piga. Inakuja karibu mara mbili. Nilifunga breki za gari moja, nikaletewa kazi ya magari mawili.

Kwa hiyo wanafunzi wangu ninawafundisha jambo moja linalowachosha: ukiona kibao cha 50, usiulize mwili, uliza mshale. Utaje kwa sauti. "Sabini na mbili. Sitini. Hamsini na moja." Utingo akusikie, akusahihishe. Zile rasta zinazogonga gongo-gongo kabla ya kijiji hazikuwekwa kuharibu springi zako; ni za kumwamsha utingo aliye sikioni. Na ukisimama kwa chai au kuchimba dawa, usirudi barabarani kwa kasi ya mtu anayehisi amechelewa. Baada ya kusimama, 80 itakuonekania kali kidogo. Iache iwe kali, ndivyo ilivyo.

Wenye mabasi ya usiku, tangu usafiri wa usiku uliporuhusiwa tena mwaka 2023, hili linawahusu mara mbili. Usiku hakuna nyumba wala miti ya kukuonyesha unavyokimbia. Una mstari mweupe na taa zako tu.

Narudi kwenye kitanda, maana kuna mtego pale unaomnasa dereva kirahisi. Ule myumbo wa baada ya safari hupotea ukirudi garini. Umekaa nyumbani unayumba, umeingia kwenye gari, umeondoka, kichwa kimetulia, safi. Mtikisiko umerudi, utingo amepata kazi yake, amenyamaza. Nimewasikia wenzetu wakijisifu: "Mimi bila barabara naumwa, barabara ndiyo dawa yangu." Na bosi akipiga simu kwamba kuna mzigo wa haraka, mtu aliyelala kwa muda wa saa tatu tu anajihisi mzima kwa sababu tu ameshika usukani. Usingizi haujalipwa. Kilichotulia ni sikio, si uchovu.

Mtego wa pili ni bia. Sitahubiri, mnanijua. Nasema sayansi tu. Ndani ya vile vijifereji kuna vizibo laini vinavyoelea sawasawa na majimaji. Pombe huingia kwenye vizibo kabla haijaenea kwenye majimaji, vikawa vyepesi, na ukijilaza chumba kinazunguka. Sasa chukua mtu ambaye kitanda chake tayari kinashuka Kitonga, umwongezee na mzunguko. Mwenzangu mmoja alilala usiku kucha ameshika miguu ya kitanda.

Ufanyeje basi? Usilale moja kwa moja. Ukishuka tembea, nenda mpaka gengeni na kurudi, tazama mbali, mlima au mnara, kitu kisichosogea. Miguu yenyewe inauhitaji mwendo huo: utafiti ulioongozwa na Shirika la Afya Duniani, uliotolewa mwaka 2007, ulionyesha kwamba safari ya kukaa saa nne na zaidi, iwe ndege, treni, basi au gari, huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa kwa takriban mara mbili. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikakatika, hiyo siyo habari ya sikio, ni hospitali. Kunywa maji. Ukienda kulala acha taa ndogo, au weka mguu mmoja chini uguse sakafu. Ni ujinga wa kitoto lakini unafanya kazi. Unamrudisha shahidi mmoja mahakamani. Na vile vidonge vya kuzuia kutapika wanavyouziana stendi, vingi vinaleta usingizi. Abiria ameze. Wewe mwenye usukani, hapana.

Kwa wengi myumbo huu huisha ndani ya saa chache, siku moja, ukizidi sana mbili. Kuna wachache hauwaachi, wiki, mwezi, miaka. Ugonjwa huo una jina la Kifaransa, mal de débarquement, yaani ugonjwa wa kushuka chomboni. Huwapata zaidi wanawake wa makamo, hasa baada ya safari ya meli, ingawa ndege na gari pia huuleta. Mama yangu wa Kariakoo, nasema hili kwa ajili yako, ili mtu asije akakuambia umetupiwa jini. Mwaka 2014 mtafiti Mingjia Dai na wenzake wa chuo cha tiba cha Mount Sinai kule New York walitoa matokeo ya wagonjwa 24: waliwaketisha wakitazama mistari inayopita mbele ya macho, huku kichwa kikilazwa bega hadi bega kwa mwendo uleule wa myumbo wao, siku chache hivi. Wengi walipata nafuu kubwa. Walimfundisha utingo upya, kwa ufupi.

Na siyo kila kizunguzungu ni cha safari. Chumba kikizunguka kwa kasi, chini ya dakika moja, kila ukigeukia upande fulani kitandani, huenda ni vile vijiwe vimeanguka mahali pasipo pake. Kuna namna ya kukulaza na kukugeuza kichwa vikarudi, tabibu anaijua. Lakini uso ukipinda, ulimi ukawa mzito, ukaona vitu viwiliviwili, au mkono mmoja ukakosa nguvu, msisubiri asubuhi na msimpe mtu chai ya tangawizi. Mpakieni.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Naona kijana pale amenyosha mkono tangu zamani. Sema, baba.

(Kijana, utingo, anauliza: "Mzee, wewe ilikuchukua muda gani mrefu kuliko wote?")

Safari ya Kolwezi, kule Kongo, msimu wa mvua. Barabara ilikuwa mashimo, tulikwenda tunaruka kama chura, wiki tatu kwenda na kurudi. Nilifika nyumbani hapa, nikayumba usiku wa kwanza, nikayumba mchana wake nimekaa kwenye kiti cha plastiki uani, nikayumba usiku wa pili. Mwenyewe sikujua ulipoisha. Usiku wa tatu mke wangu alikuja kulala, akaweka mto katikati yetu kama alivyozoea, kukinga miguu yake. Alfajiri akaniamsha, akaniambia mto uko palepale alipouweka.